Nimeiona, Mwanangu

Mikono yangu ina adabu kuliko mdomo wangu. Hiyo ni kazi ya sista mmoja mzee aliyetufundisha uhazili hapa Mpanda, enzi ambazo chuo chetu kilikuwa na mashine za chapa kumi na mbili na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni. Sista alikuwa na rula. Alipita nyuma yetu kimyakimya, na rula ikitua kwenye vidole vyako ulijua umevunja sheria. Sheria yenyewe ilikuwa hii: herufi ikiwa upande wa mkono wa kushoto, kitufe cha kuisindikiza kinabonyezwa na mkono wa kulia, herufi ikiwa ya kulia, kitufe ni cha kushoto. Ukitaka A kubwa, kidole kidogo cha kulia ndicho kinachoshika Shift. Kompyuta zilipofunuliwa, sheria ikahamia kwenye Ctrl bila kupunguzwa hata nukta. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema sista, na rula ikamuunga mkono.

Mdomo wangu, hakuna sista aliyeuweza. Nina hasira za karibu. Nikiuziwa nyanya mbovu, soko zima la Kashaulili linapata habari. Lakini mdomo huohuo una udhaifu wa ajabu: mtu akinieleza jambo kwa upole, hauwezi kutamka "sijaelewa." Huo nimeutoa nyumbani. Sisi ni Wasukuma tuliokuja huku na ng'ombe, mimi nikiwa mgongoni, na kwa mama yangu, anayeongea haachwi aongee peke yake. Kila akimaliza kipande unamwitikia: ee, ee, naam, ee. Kumwambia mtu aliyehangaika kukueleza kwamba hujaambulia kitu ni sawa na kumrudishia chakula alichokupakulia. Walionizoea wanajua kwamba nikigomba, nimeelewa. Nikikubali kwa upole, kuna hatari.

Kwa miaka saba nilifanya kazi katika tawi dogo la ofisi moja ya utafiti hapa mjini. Watafiti walikwenda vijijini kuongea na wakulima na wafugaji kuhusu mvua, malisho na mbegu. Walirekodi, mimi nikavaa visikilizio na kugeuza maongezi kuwa maandishi. Wazee wengi huanza kwa Kiswahili, wakikolea wanahamia Kisukuma, na hapo ndipo nilipohitajika. Halafu tawi likafungwa. Kazi yote ikahamia Dodoma, na mkuu wangu akanipa njia mbili: nihamie huko, au nijaribu kwa wiki mbili kufanya kazi nikiwa Mpanda, kwa kuingia kwenye kompyuta ya ofisi kupitia mtandao. Sauti zile ni siri za watu na haziruhusiwi kutoka ofisini, kwa hiyo ni mimi niliyetakiwa kuzifuata zilipo. Wiki mbili zikienda vizuri, nabaki. Zikienda vibaya, napanda treni.

Treni siiogopi. Niliogopa kumwacha mama. Anaishi Mwamkulu peke yake, kaburi la baba na majaruba yake ya mpunga vimemshika hapo, na miezi michache kabla ya hayo alikuwa amekutwa na presha ya kupanda. Nilimgusia Dodoma mara moja tu. Aliniuliza ni nani huko atakayemwamkia asubuhi kwa Kisukuma, na mjadala ukaishia hapo. Basi tukawa na utaratibu wetu. Kila siku saa nne asubuhi nilimpigia simu kumuuliza kama amemeza dawa, naye alijibu upesi, "Nimemeza, ng'wanone," yaani mwanangu. Kila Jumapili nilipanda bodaboda kwenda kukaa naye. Nikihamia Dodoma, simu ningepiga, lakini Jumapili zingekufa. Nilikuwa nazipigania Jumapili hizo.

Laptopu ya ofisi niliirudisha, nikanunua iliyotumika kwa fundi mmoja Kashaulili, mtu mpole, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinieleza mambo mengi kuhusu mashine hiyo, nami nilimwitikia yote, ee, ee, huku akili yangu ikiwa kwenye wingu jeusi lililokuwa linakuja kutoka upande wa hifadhi. Aliniwekea na programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, kwa maelekezo yaliyotumwa kutoka Dodoma. Nikachomeka kibodi yangu kubwa, ile ya mezani, maana vitufe vya laptopu ni vya kudonoa na mimi si kuku.

Jumatatu ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Unafungua programu, unaandika nywila, na kioo chote kinageuka kuwa meza ya Dodoma: mafaili ya Dodoma, saa ya Dodoma, hata ile picha ya mlima aliyoiweka mtu nisiyemjua. Umekaa Mpanda, chai yako pembeni, na unafungua kabati lililo mikoa kadhaa mbali. Nilivaa visikilizio. Mzee mmoja wa Mpimbwe akaanza kueleza jinsi mpunga ulivyosombwa na maji, na mikono yangu ikaanza kumfuata.

Hapa lazima nieleze kidogo kazi hii. Anayeandika sauti hashiki kipanya. Akishika kipanya mzee ameshafika sentensi ya tatu. Anatumia njia za mkato, vitufe viwili vikibonyezwa pamoja. Alt na Tab kuhama kutoka kwenye sauti kwenda kwenye maandishi na kurudi. Ctrl na Z kutengua kosa. Ctrl na S kuhifadhi kazi, na mimi huhifadhi kila baada ya aya, maana umeme wetu naujua. Vidole vinafanya hayo vyenyewe wakati masikio yako yapo Mpimbwe.

Nilimaliza aya ya kwanza, nikabonyeza Ctrl na S. Meza ya Dodoma ikasinyaa ikawa kama leso katikati ya kioo. Nikashtuka. Nikabonyeza Alt na Tab nirudi kwenye sauti, na badala ya sauti likanijia dirisha langu mwenyewe la hapa Mpanda, lenye barua pepe zangu. Mzee wa Mpimbwe alikuwa anaendelea kuongea huko ndani bila mimi. Nikabonyeza tena Ctrl na S, meza ikapanuka. Nikahifadhi, ikasinyaa. Kazi yenyewe haikuhifadhiwa. Mara Alt na Tab zinakwenda Dodoma, mara zinabaki kwangu, kama mbuzi asiyejua boma lake.

Nikafoka. Kwa mkono wa kulia nikajishika kichwa, na kwa wa kushoto nikavibamiza vitufe vile kwa hasira. Ikahifadhi. Nikabamiza tena. Ikahifadhi tena, bila kusinyaa wala nini.

Kuanzia siku hiyo niliamini jambo ambalo leo naona aibu kulisema: niliamini mashine ile inataka ukali. Nikikaa vizuri, mgongo wima, vidole mahali pake kama sista alivyotaka, inaniasi. Nikiikaripia, inatii. Jirani yangu mshona nguo alisikia ninavyogomba ukutani akaja kuuliza kama nimeolewa tena. Nikamwambia kompyuta ni mbaya kuliko mume, mume angalau hutoka asubuhi.

Jumanne nikaipigia Dodoma. Pale ofisini kuna binti anayeshughulikia kompyuta, mwenye sauti laini ya mtu aliyelelewa na bibi yake. "Shikamoo mama," aliniambia. Hapo hapo nikajua nimekwisha, maana hasira yangu haina pa kushika mtu akinipa shikamoo ya kweli.

"Marahaba mwanangu. Njia zangu za mkato zinapotea. Nyingine zinafika huko, nyingine zinabaki hapa."

"Pole sana mama. Huko unatumia Windows?"

Nikaangalia kioo. Rangi ya bluu, kitufe cha kuanzia pale chini kwenye kona, kila kitu nilichozoea kwa miaka saba. "Ndiyo, Windows."

"Sawa mama. Kabla hujaunganisha, kwenye kile kidirisha cha kuingilia kuna maandishi ya kuonyesha zaidi. Bofya. Kuna sehemu ya vifaa vya huko kwako, halafu ndani yake kuna kibodi. Pale unachagua njia za mkato ziende kwenye kompyuta ya mbali. Umeiona mama?"

Nilikuwa natafuta. Hapakuwa na cha kuonyesha zaidi, wala vifaa, wala kibodi. Binti alikuwa anasubiri kwa upole, nasikia hata anavyopumua, na nyuma yake simu nyingine inaita. Nikamwona yuko pale na kazi zake zote ananisubiri mimi mtu mzima nisiyeona kilicho mbele ya macho yangu.

"Nimeiona, mwanangu."

"Basi chagua, halafu unganisha upya. Itakubali."

"Imekubali. Mungu akubariki."

Jumatano nikapiga tena na tukarudia yaleyale, ila taratibu zaidi. Nikaiona tena. Alhamisi nilikwenda kwa fundi nikiwa nimeshaiva. Nilimwekea laptopu mezani nikamwambia ameniuzia mashine yenye mapepo. Akaifungua, akaandika hiki na kile, akanitazama juu ya miwani yake ya waya.

"Dada, mashine haina shida. Hiyo sehemu wanayokuambia huko Dodoma huwezi kuipata, kwa sababu hii siyo Windows."

"Siyo Windows vipi, na mimi naiona?"

"Unaona sura. Windows ilikuwa inailemea mashine, ni ya zamani. Nikaweka Linux, ni nyepesi, nikaivalisha sura ya Windows ili usipate shida. Si nilikueleza siku ile? Ukasema ee, ee."

Nikashusha kidole nilichokuwa nimemnyooshea. Fundi akanipa kiti. Alijaribu mwenyewe kuingia Dodoma palepale dukani. Akabonyeza Ctrl na S mara kumi, na mara zote kumi ikahifadhi. "Unaona?" aliniambia. Nilitazama mkono wake. Alikuwa anabonyeza kwa kushoto tu, mkono wa kulia umeshika soda, uvivu mtupu. Nikawaza kwamba sista angemvunja vidole. Niliwaza hilo na halikunifungulia kitu, ndivyo mtu anavyoweza kuwa na ufunguo mfukoni akalala nje.

Sasa nilikuwa na ukweli mkononi na sikuweza kuusema. Ningempigiaje binti yule nimwambie kwamba ile sehemu niliyoiona mara mbili haipo? Ningeonekana mwongo au mwehu. Nikaamua kupambana kwa ukali wangu. Ijumaa nikatuma nusu ya kazi iliyotakiwa, na mkuu akanijibu kwa maneno ya heshima. Aliandika kwamba ameuliza upande wa kompyuta wakamwambia tatizo la mama wa Mpanda limekwisha. Kwa kuwa vifaa viko sawa na kazi bado inachelewa, anadhani wiki ijayo tuanze kuzungumzia kuhamia Dodoma, nikae karibu na wenzangu.

Nilisoma barua ile mara tatu. Hasira ilinipanda na haikupata mtu wa kumwangukia. Binti hakuwa na kosa, yeye alisema nilichomwambia.

Jumapili nilikwenda Mwamkulu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, bodaboda ikaniteremsha kabla ya dimbwi, nikamalizia kwa miguu viatu mkononi. Mama alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha mbele kwenye jamvi. Nilimwamkia kwa utaratibu wote, mwangaluka, nyumba imeamkaje, ng'ombe wa jirani, mpunga, yote. Naye akanijibu yote. Ndipo nikaona miguu ile, ambayo Jumapili zilizopita aliifunika kwa khanga. Ilikuwa imevimba, vifundo vya miguu havionekani, na buti zake za jarubani zilikuwa zimewekwa pembeni zikiwa kavu.

"Mayu, mama yangu, hii miguu imekuwaje?"

"Imepungua hiyo. Ilikuwa imejaa zaidi. Sasa inapungua."

Niliingia ndani kutafuta dawa zake nisome maandishi. Nilizikuta kwenye kikapu cha nyuzi, chini ya ukindu. Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha, na kadi za vidonge zilikuwa zimetobolewa siku kumi za mwanzo tu. Vilivyobaki vyote vilikuwa vimekaa kwenye vyumba vyao.

Nikatoka nazo mkononi. Sijivunii nilivyopaza sauti.

"Kila siku nakupigia! Kila siku! Unaniambia nimemeza, nimemeza! Ulikuwa unameza nini, mayu, hewa?"

Mama hakukasirika. Alitazama miguu yake. "Zilikuwa zinanivimbisha. Buti ikakataa kuingia. Nikaacha, ikaanza kushuka."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambieje, ng'wanone? Wewe umehangaika, umepanga foleni hospitali, umezileta kwa mvua. Unapiga simu na sauti nzuri, unauliza umemeza? Nikisema hapana nakuvunja moyo. Nikaona nikuitikie tu, ufanye kazi yako na amani."

Nilikaa chini palepale kwenye tope la kizingiti, na gauni langu la kanisani. Kulikuwa na kitu cha kumjibu, kikali, kilishafika kwenye ulimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilitaka kumwambia. Lakini niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, nimeiona mwanangu, imekubali, Mungu akubariki. Niliogopa, kusema kweli. Niliogopa kwamba sisi wawili tunaweza kufa kwa adabu.

"Mayu," nilisema, "hata mimi nimemdanganya mtu Dodoma."

Nikamweleza yote, mashine iliyovalishwa nguo ya mashine nyingine, vitufe vinavyopotea njia, binti mwenye shikamoo. Mama aliitikia ee, ee, naam. Mwisho nikamuuliza kama ameelewa. Alifungua mdomo kusema ndiyo, nikamkazia macho, akacheka hadi khanga ikamwanguka begani.

"Sijaelewa hata kidogo," alisema. "Ila huyo binti mwambie."

Jumatatu asubuhi tulikwenda hospitali kwanza, mimi na yeye kwenye bajaji, na daktari alipoona miguu na kadi za vidonge hakutugombeza. Alisema dawa ile huwavimbisha baadhi ya watu, ziko nyingine, na kwamba angembadilishia mapema kama angeambiwa. Nilitazama ukuta. Nilimrudisha mama, nikarudi kwangu, nikapiga simu Dodoma kabla sijavua hata kitambaa cha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nisikilize, usinijibu mpaka nimalize. Ile sehemu ya kibodi sikuiona. Jumanne sikuiona, Jumatano sikuiona. Nilikuongopea. Mashine yangu siyo Windows, ni Linux iliyovishwa. Na njia za mkato bado zinapotea."

Nikasema moyoni, haya, sasa nitukane, nastahili.

"Mama," alisema taratibu, "hata mimi nina la kusema. Nilikuwa naona. Kwenye mfumo wa huku kila ukiingia inajiandika umeingia na programu gani, na niliona siyo ile ninayokuelekeza. Lakini ulishasema umeiona. Nikajiuliza, nimwambie mtu mzima kwamba hajaona alichosema ameona? Ungeniona sina adabu. Nikaandika tatizo limekwisha."

Nilicheka mpaka mshona nguo akaja kuchungulia. Binti naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kicheko cha kweli. Tulikuwa tumepoteza wiki nzima kila mmoja akimlindia mwenzake heshima.

"Sasa tuanze upya," alisema. "Linux siijui sana mama, tutajifunza pamoja. Washa simu ya video. Usinionyeshe kioo, nionyeshe mikono."

Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikafungua meza ya Dodoma, na kwa kuwa nilikuwa naangaliwa nikakaa vizuri. Mgongo wima. Nikaandika sentensi moja, nikahifadhi. Meza ikasinyaa ikawa leso.

"Rudia mama."

Nikarudia. Ikapanuka.

"Mama, samahani," alisema, kisha akajikaza. "Hapana, sisemi samahani. Mama, kwa nini unabonyeza Ctrl ya mkono wa kulia?"

"Kwa sababu S ni ya mkono wa kushoto," nilimjibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu.

"Sijawahi kuona mtu anayeigusa hiyo. Mimi nilidhani ni pambo." Nikamsikia anaandika harakaharaka, anasoma kitu kwa sauti ya chini. "Ngoja... Ngoja mama. Hii hapa. Kwenye programu yako hiyo, Ctrl ya kulia haipelekwi huku kwetu. Programu imejiwekea yenyewe. Ukiigusa, inabadilisha kibodi isikilizwe na nani, huko au huku. Ukiigusa pamoja na S, inakuza au inapunguza picha. Hebu hifadhi kwa Ctrl ya kushoto."

Nilibonyeza kwa kushoto. Ikahifadhi. Nikabonyeza tena. Ikahifadhi, kimya, bila ukali wowote.

Yote yakanijia kwa pamoja. Nikikaa kama sista alivyonifundisha, kidole changu kidogo cha kulia kilikuwa kinaiamuru programu ibadilishe sikio. Nikikasirika nikajishika kichwa, mkono wa kulia haukuwepo kufanya kosa. Fundi na soda yake alikuwa salama kwa sababu ya uvivu. Kumbe mashine ile haikuwahi kuwa na haja na hasira zangu, na sijui kwa nini jambo hilo lilinipa faraja kubwa namna ile.

"Basi tumia ya kushoto tu mama," binti alisema.

Zamani ningesema ee. "Mwanangu, hapana. Mikono hii ilifundishwa kwa rula. Nikianza kuifikiria, kazi haiendi."

Nilingoja anune. Wala. "Sawa," alisema, na nikasikia furaha kwenye sauti yake, ya mtu aliyepewa jibu la kweli la kufanyia kazi. Tulihangaika pamoja karibu saa nzima, yeye akisoma, mimi nikitafuta kwenye mipangilio. Kila aliponiuliza kama nimeona nilisema sijaona mpaka nilipoona kweli. Nilisema sijaona mara nyingi sana asubuhi ile. Mwishowe tuliipata sehemu yenyewe. Tukaipokonya programu ile Ctrl ya kulia na kuipa kitufe cha Scroll Lock, ambacho katika maisha yangu yote sijakutana na binadamu anayejua kazi yake. Halafu tukawasha kile kialama cha kibodi juu ya dirisha, kinachoagiza kila kinachobonyezwa kiende Dodoma, Alt na Tab zikiwemo.

Nikahifadhi kwa mikono miwili. Picha ikatulia. Nikahama kwenda kwenye sauti, nikarudi kwenye maandishi, nikaenda, nikarudi. Niliona machozi yananilenga na sikuyazuia.

"Mama, imekubali?" binti aliuliza. Kisha akaongeza, kwa ukali mdogo ambao naamini ulikuwa wa kwanza kwake, "Niambie ukweli."

"Imekubali kweli."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mkuu siku hiyo kusema kwamba aliandika jambo ambalo halikuwa kweli, na mimi nikatuma barua kusema chanzo ni mimi. Mkuu alitujibu wote wawili kwa mstari mmoja, kwamba tumalize wiki iliyobaki kisha tuone. Tuliona. Ijumaa nilikuwa nimemaliza kazi ya wiki na deni lote la wiki iliyopita, na mzee wa Mpimbwe alikuwa amefika mwisho wa maneno yake bila kukatizwa. Dodoma haikutajwa tena.

Binti yule mpaka leo hatujaonana ana kwa ana. Ananipa shikamoo kila asubuhi, kisha tunagombana vizuri. Juzi aliniambia ameanza kujifunza kutumia Ctrl ya kulia, na kwamba inaumiza kidole. Nikamwambia vumilia, huna bahati ya rula.

Mama anameza dawa mpya, buti zinaingia, na Jumapili zangu zipo. Simu ya saa nne nayo ipo. Leo asubuhi nilikuwa katikati ya kazi, mama mmoja wa Sitalike ananieleza masikioni jinsi tembo walivyomaliza mahindi yake, nikamsimamisha nikapiga Mwamkulu.

"Mwangaluka, mayu. Umemeza?"

Zamani jibu lilikuwa linanijia kabla sijamaliza kuuliza. Sasa halikuja. Niliwasikia kuku, nikasikia mtu anapita njiani akisalimia.

"Bado," mama alisema.

Sikupaza sauti. Nilingoja. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu, maji yanamiminwa kwenye kikombe, mama anakohoa kidogo.

"Haya," alisema. "Sasa ndiyo nimemeza."